Panga, Bati na Ufagio: Namna ya Kuyakinga Matunda ya Uani dhidi ya Panya na Kindi

Wilaya ya Muheza inajulikana nchini kwa machungwa yake. Hata hivyo, nyuma ya nyumba nyingi ipo miti ambayo haikupandwa kwa ajili ya lori la mnunuzi: mwembe mmoja, minazi miwili, mfenesi, mpapai au mpera. Matunda ya miti hiyo huliwa na watoto watokapo shule, na yanayozidi huuzwa ili kupata fedha ya chumvi na sabuni. Mavuno hayo madogo yamo hatarini kila msimu, kwa kuwa mti wa uani husimama karibu na paa, stoo, banda la kuku na jalala, yaani karibu na kila kitu anachokihitaji panya.

Mwenye mti anapoyakuta matunda yametobolewa, jambo la kwanza linalomjia akilini mara nyingi ni sumu. Makala haya yanaeleza kwa nini sumu inapasa kuwa hatua ya mwisho, na kwa nini sehemu kubwa ya kazi ya kuyalinda matunda hufanywa kwa panga, bati na ufagio.

Kumtambua mharibifu

Si kila tunda lililoharibika limeliwa na panya, na kinga ya mnyama mmoja haimfai mwingine. Panya hufanya kazi usiku. Anayepanda miti zaidi ni panya wa darini, mwenye mkia mrefu kuupita mwili wake, ambaye hulala juu ya dari au katika mapaa ya makuti na kushuka giza liingiapo. Hulitoboa chungwa tundu moja, akala nyama yote ya ndani, na kuliacha ganda tupu likining'inia mtini. Kwenye limau hufanya kinyume: mara nyingi hula ganda na kuiacha nyama chachu. Kwenye mnazi hutoboa madafu machanga karibu na kikonyo, nayo huanguka kabla ya wakati wake. Chini ya mti na kando ya kuta huacha vinyesi vyeusi vilivyochongoka ncha, na pale anapopita kila siku hubaki alama nyeusi ya mafuta ya manyoya yake.

Kindi, ambaye wengine humwita kuchakulo, huonekana mchana, hasa asubuhi na alasiri. Hung'ata tunda akaliacha, akahamia jingine, hivyo chini ya mti huonekana matunda mengi yaliyoonjwa kidogo kidogo. Wakazi wa vijiji vilivyo karibu na misitu ya milima ya Usambara Mashariki, kama vile vya upande wa Amani, humwona zaidi kuliko wengine.

Popo naye hula matunda usiku, lakini hutafuna nyama, hufyonza maji yake na kuyatema makapi. Makapi hayo makavu yakionekana chini ya mwembe, mwenye mti ajue kwamba bati lililofungwa shinani halitamsaidia, kwa kuwa mgeni wake huja kwa mabawa. Dawa ya popo na ndege ni kuyafunika matunda au kuyavuna mapema. Inafaa, basi, mkazi auchunguze mti wake mara moja asubuhi na mara moja usiku kwa tochi, kwa siku mbili au tatu, kabla ya kutumia hata shilingi moja.

Panga: kuikata njia ya juu

Panya na kindi hawalazimiki kulipanda shina. Tawi linalogusa paa, waya, uzio au mti wa jirani ni daraja, na daraja likiwapo, kinga yoyote iliyowekwa shinani huwa bure. Panya wa darini anaweza kuruka pengo la karibu mita 1, na kindi huruka zaidi ya hapo. Kwa sababu hiyo matawi yapunguzwe hadi kati ya mti na kitu chochote kilicho karibu pabaki nafasi isiyopungua mita 2. Matawi ya chini nayo yakatwe hadi yawe juu ya ardhi kwa kadiri ya mita 1. Makuti makavu yanayoning'inia mnazini yaondolewe, maana ndani yake panya hujenga kiota na kuzaa bila kushuka chini.

Wakati mzuri wa kupunguza matawi ya mwembe au mchungwa ni mara tu baada ya mavuno. Kazi hiyo huleta faida nyingine, kwa sababu mwanga na hewa hupenya katikati ya mti, na mvunaji huyafikia matunda kwa urahisi. Tawi lililo karibu na nyaya za umeme lisikatwe na mwenye nyumba. Shirika la umeme liarifiwe.

Bati: kulifunga shina

Madaraja yakishakatwa, njia inayobaki ni shina. Wakulima wa minazi wa pwani wamekuwa wakilifunga shina kwa bati kwa muda mrefu, kwa sababu kucha za panya haziwezi kushika juu ya kitu kilicho laini. Bati jepesi, au debe kuukuu lililokunjuliwa na kunyooshwa, huzungushwa shinani katika kimo cha mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini. Upana wake uwe sentimita 40 au zaidi, na ikiwa mharibifu ni kindi, sentimita 60. Ncha zipandane vizuri, kusibaki upenyo, na kingo kali zikunjwe ili zisimkate mkwezi au mtoto.

Namna ya kulishikiza bati hutegemea aina ya mti. Shina la mnazi halinenepi mwaka hadi mwaka, wala halina gome lenye kupitisha chakula kama la mwembe, hivyo misumari miwili mitatu mifupi haiudhuru. Mwembe, mchungwa na mfenesi ni tofauti. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kupitia gome, nalo shina hunenepa kila mwaka. Bati likikazwa kwa waya na kusahauliwa, waya hulizama gome, na mti hunyauka polepole huku mwenyewe akidhani umepatwa na ugonjwa. Bati la miti hiyo lifungwe kwa waya wenye springi au kwa mpira, na lilegezwe angalau mara 2 kwa mwaka.

Mpapai na mti mdogo ambao haujafikia kimo hicho hauwezi kukingwa hivyo. Hapo mkazi aufunike mkungu au tunda moja moja kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi sentimita 1. Mfuko wa nailoni au gunia humzuia ndege na popo, lakini panya huutafuna kwa dakika chache.

Ufagio: kuondoa chakula na maficho

Panya jike hubeba mimba kwa wiki 3 tu, na watoto wake huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi michache. Idadi yao, kwa hiyo, hupangwa na wingi wa chakula na maficho kuliko na wingi wa mitego. Tunda lililoanguka likilala chini usiku mmoja, tayari limewaita. Matunda yaokotwe kila jioni kabla ya giza, si asubuhi. Yaliyooza yafukiwe katika shimo lenye kina au yawekwe katika pipa lenye mfuniko. Chakula cha kuku na mbwa kisilale nje. Kuni, matofali na mabati ya akiba yapangwe juu ya vichanja, mbali na ukuta, ili ufagio upite chini yake. Tundu lenye upana wa sentimita 2 linatosha kumpitisha panya. Matundu ya ukutani na chini ya milango yazibwe kwa saruji au bati. Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika jambo hili maneno yao huchukuliwa jinsi yalivyo.

Kuvuna kwa wakati nako ni kinga. Panya huvutwa na harufu ya tunda lililoiva. Embe lililokomaa, lililojaa mabegani karibu na kikonyo, laweza kuchumwa likiwa bado kijani na kuiva ndani ya nyumba. Papai huchumwa mara linapoanza mchirizi wa manjano. Parachichi haliivi kamwe likiwa mtini. Hulainika baada ya kuchumwa. Chungwa na chenza, kinyume chake, haviendelei kuiva baada ya kuchumwa, kwa hiyo visubiriwe viive mtini, lakini visiachwe hapo kwa wiki nyingi baada ya kuwa tayari.

Mitego, paka na bundi

Panya wanaobaki baada ya hatua hizo hunaswa. Mtego wa kubana uwekwe usiku kando ya ukuta au juu ya tawi wanamopita, ukiwa umefungwa ili usianguke, na uteguliwe alfajiri ili usimdhuru kuku, kindi au mtoto. Chambo kizuri ni dagaa wa kukaanga, nazi iliyochomwa au karanga zilizosagwa. Panya huogopa kitu kigeni, hivyo mtego uachwe na chambo kwa siku 3 bila kutegwa; akishazoea kula hapo, utegwe.

Paka husaidia, ingawa paka peke yake hawezi kuumaliza wingi wa panya katika ua uliojaa mabaki ya chakula. Msaidizi mwingine hudhulumiwa kwa imani za kale. Bundi akilia juu ya mwembe hufukuzwa kwa mawe kwa kudhaniwa kuwa ameleta habari za msiba, ilhali amefuata panya. Bundi mmoja hula panya kadhaa katika usiku mmoja, bila malipo, na asiposumbuliwa hurudi.

Sumu na hatari zake

Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani huzuia damu kuganda. Panya aliyeila hafi papo hapo. Huzunguka kwa siku kadhaa akiwa amelegea, na katika siku hizo huliwa na bundi, paka au mbwa, ambao nao hudhurika. Ndiyo maana mtu anayeweka sumu ovyo aweza kuwaua wawindaji wa panya, na baada ya miezi michache akawa na panya wengi kuliko mwanzo.

Hatari kubwa zaidi ni kwa watoto. Sumu iliyochanganywa na unga au kupakwa kwenye tunda chini ya mti ni mtego kwa mtoto anayeokota maembe. Sumu isiwekwe kamwe juu ya mti wa matunda wala chini yake. Vipakiti visivyo na maandishi vinavyouzwa kwa kutembezwa visinunuliwe. Viuatilifu halali husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na pakiti yake huonyesha jina la sumu na maelekezo. Ikilazimu kutumika, iwekwe ndani ya sanduku lililofungwa, lenye tundu la kumtosha panya tu. Mtoto akishukiwa kuila, apelekwe kituo cha afya mara moja pamoja na pakiti yake, asisubiriwe aonyeshe dalili, kwa sababu dalili za sumu ya namna hii huweza kuchelewa kwa siku kadhaa.

Jambo la afya, si la matunda pekee

Mkoa wa Tanga una kumbukumbu yake kuhusu panya. Tauni, inayoenezwa na viroboto wa panya, iliingia Lushoto mwaka 1980 na ikarudi mara kwa mara kwa miaka mingi, ikichukua uhai wa watu. Mwaka 2022, huko Ruangwa mkoani Lindi, Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa kwa mkojo wa wanyama wakiwamo panya. Watu 20 waliugua na 3 kati yao walifariki. Vimelea vya homa hiyo huingia mwilini kupitia mikwaruzo ya ngozi, macho na mdomo.

Kwa hiyo tunda lililong'atwa lisikatwe sehemu mbovu na kuliwa sehemu nzima, litupwe lote. Matunda mazima yaoshwe kwa maji safi. Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu, bali kwa mfuko wa nailoni, kisha afukiwe. Vinyesi vyake visifagiliwe vikiwa vikavu. Vimwagiwe kwanza maji yenye dawa ya kuua vijidudu. Panya wengi wakionekana wamekufa kwa wakati mmoja mahali ambapo hapakuwekwa sumu, afisa afya wa kata aarifiwe siku hiyohiyo, maana viroboto huwaacha panya waliokufa na kutafuta damu nyingine.

Kazi ya kitongoji kizima

Ua mmoja ukisafishwa na jirani akiacha jalala wazi, panya wa jirani huhamia mahali palipoachwa na wenzao. Kaya kumi zikikubaliana kupunguza matawi, kuokota matunda kila jioni na kutega mitego kwa wiki zilezile, matokeo huwa makubwa kuliko kaya moja kuhangaika mwaka mzima. Mkutano wa kitongoji ndio mahali pafaapo kupanga wiki hiyo, na wakati wake mwafaka ni kabla matunda hayajaanza kuiva. Maelekezo ya kukata matawi na kulifunga bati hutolewa na afisa ugani wa kata. Masuala ya sumu na magonjwa yapelekwe kwa afisa afya.

Kindi mmoja mmoja ataendelea kushuka kutoka msituni na kuonja embe moja au mawili. Huyo anaweza kuvumiliwa, kwa kuwa naye hubeba na kufukia mbegu, na baadhi yake huota kuwa miti. Asiyevumilika ni panya anayekula matunda usiku na kulala darini juu ya vitanda vya watoto, na huyo hawezi kuondolewa iwapo chakula na njia yake vimeachwa wazi.