Huyo 'nesi tu' wa dharura amesomea nini?

Mama mmoja wa Kibuta, Kisarawe, ameniandikia ujumbe wenye hasira kidogo. Mwanawe wa miaka miwili alishikwa na homa, akaanza kuhema kwa shida, wakampakia kwenye bodaboda usiku hadi hospitali. Kilichomuudhi si safari wala foleni. Anasema walipofika walipokewa na nesi tu. Nesi akamchukua mtoto, akamwekea oksijeni, akamtoboa kidole, akatundika dripu, na daktari wakamwona baadaye. Anauliza kama hiyo ni haki.

Ni haki, mama. Kwa mtoto aliyefika katika hali uliyoieleza, huenda hiyo ndiyo sehemu ya usiku ule iliyokwenda vizuri kuliko zote. Ninachotaka tuzungumze leo ni hilo neno 'tu'.

Wengi wetu tukimwona mtu mwenye sare nyeupe tunamwita nesi au sista, tukidhani wote wamesoma kitu kimoja. Sivyo. Yupo muuguzi wa cheti, aliyesoma miaka miwili. Yupo wa stashahada, miaka mitatu. Yupo wa shahada, ambaye amekaa chuo kikuu miaka minne kisha mwaka mzima wa mafunzo ya kazi hospitalini. Wote wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo ndilo linalotoa leseni na linaloweza kuinyang'anya.

Lakini elimu hiyo yote inamwandaa muuguzi wa kazi zote: leo wodi ya wazazi, mwakani chumba cha upasuaji, baadaye kliniki ya watoto. Mgonjwa mahututi ni somo jingine. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kinatoa shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Anayeingia huko tayari ana shahada ya kwanza na amesajiliwa. Anarudi darasani na wodini miaka miwili: kuendesha mashine ya kupumulia, kusoma mapigo ya moyo kwenye kioo, kutoa dawa za kupandisha presha tone kwa tone, kumhudumia aliyeumia kichwa au kuungua. Wauguzi wa usingizi nao wana mafunzo yao. KCMC ya Moshi imewafundisha kwa miaka mingi, na katika hospitali nyingi za wilaya ukifanyiwa upasuaji wa uzazi, anayekulaza na kukuamsha ni wao.

Kenya wana njia fupi zaidi ambayo mimi binafsi naionea wivu. Chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, KMTC, kinamchukua muuguzi msajiliwa ambaye tayari yuko kazini, kinamfundisha uuguzi wa mahututi, anarudi na stashahada ya juu. Hapa kwetu shahada ya uzamili ni nzuri, ila anayeipata hutamaniwa haraka na vyuo na ofisi. Tunahitaji pia wengi wa katikati, watakaobaki kitandani kwa mgonjwa.

Sasa, mtu huyu anaona nini ambacho wewe na mimi tungekipita?

Chukua mtoto mwenye nimonia. Mwanzo anahema haraka. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Kwa wa miezi 2 hadi 11 ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka 1 hadi 5 ni 40 au zaidi. Unaweza kuhesabu mwenyewe nyumbani, mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima, nguo ikiwa imefunuliwa kifuani. Ugonjwa ukizidi, sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa. Kisha, saa kadhaa baadaye, pumzi zinapungua. Mtoto analegea, hasumbui tena. Mzazi anasema alhamdulillahi, amepata usingizi.

Muuguzi aliyesomea dharura akimwona mtoto huyo hatembei, anakimbia. Anajua kwamba pumzi zilizopungua kwa mtoto ambaye hajapona maana yake misuli ya kuhema imechoka. Kinachofuata, asipopata msaada, ni kuacha kuhema kabisa. Hapo hakuna nafasi ya kusubiri daktari amalize kushona jeraha chumba cha pili. Anafungua njia ya hewa, anaweka oksijeni, na mtoto akishindwa kuvuta mwenyewe anamsukumia hewa kwa mfuko wa kubinya kwa mkono, huku akiita.

Au degedege. Wazee wa Uzaramo walikuwa na maelezo yao kuhusu degedege, na bado nawaona watoto wanaoletwa wakinuka moshi wa dawa za kufukiza. Sitawacheka, mtoto akitetemeka mbele yako utashika lolote. Ila muuguzi huyu ana kazi mbili za haraka za tone moja la damu: malaria, na sukari. Mtoto mwenye malaria kali ambaye hajala tangu jana anaweza kuwa sukari yake imeshuka mno, na akikaa hivyo ubongo unaumia, hata degedege likiwa limekoma. Kipimo chake huchukua sekunde chache. Aliyefundishwa hakisahau.

Kwa watu wazima nitasema kidogo tu. Tumbi, hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani pale Kibaha, iko kando ya Barabara ya Morogoro, kwa hiyo majeruhi wa ajali huko si wageni. Kijana wa bodaboda anaweza kuletwa akizungumza, presha yake nzuri, akiomba arudishwe nyumbani. Mwili wa kijana hubana mishipa na kuishikilia presha hata damu inapovuja tumboni. Kinachomsaliti ni mapigo yanayokwenda mbio na ngozi ya baridi. Muuguzi anayeangalia presha peke yake atamweka benchi. Aliyesomea majeruhi atamweka kitandani, atamtundikia dripu, atachukua damu ya kupima kundi, kabla kijana hajaanguka.

Msidhani haya ni maneno ya kupamba taaluma. Utafiti uliofanyika ICU ya Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2015 ulijaribu jambo rahisi: wauguzi na madaktari walifundishwa na kupewa utaratibu ulioandikwa, kwamba kipimo fulani kikivuka mpaka fulani, hatua fulani ichukuliwe palepale. Haukuhitaji mitambo ya gharama. Miongoni mwa wagonjwa walioingia presha ikiwa imeshuka, waliokuwa wakifariki walikuwa 92 katika kila 100. Baada ya utaratibu huo wakawa 69. Bado ni wengi mno, na kwa wagonjwa wote wa wodi ile kwa ujumla tofauti haikuwa ya kuthibitika. Lakini kama baba yako ndiye aliyeingia na presha ya chini, ungetaka alazwe kabla au baada?

Ulaya nako, utafiti wa nchi 9 uliotoka mwaka 2014 uliangalia wagonjwa wa upasuaji. Kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, hatari ya mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ilipanda kwa asilimia 7. Na kila wauguzi wenye shahada walipoongezeka kwa asilimia 10, hatari hiyo ilishuka kwa asilimia 7. Elimu ya muuguzi na idadi ya wagonjwa wake, vyote viwili.

Kwetu vifaa vimeanza kufika. Muhimbili ilifungua idara kamili ya magonjwa ya dharura mwaka 2010. Mwaka 2021, kwa ule mkopo wa UVIKO-19 wa Sh trilioni 1.3, Serikali ilianza kujenga majengo ya dharura na ya ICU katika hospitali nyingi za mikoa na halmashauri. Nimeingia katika baadhi ya majengo hayo. Vitanda ni vya kisasa, mashine za kupumulia zipo. Swali langu la kwanza siku zote ni moja: nani ameshika zamu ya usiku? Katika wodi ya mahututi muuguzi mmoja anapaswa kuwa na mgonjwa mmoja, au wawili wakizidi. Mashine ya kupumulia bila mtu wa kuinyonya makohozi kwenye bomba, kumgeuza mgonjwa na kusikia kengele inapolia, inaweza kumuua mgonjwa kimya kimya kama ugonjwa wenyewe.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Hospitali moja niliyofanya kazi ilimruhusu muuguzi wake kwenda kusomea mahututi. Tulibaki pungufu miaka miwili, tukavumilia. Alirudi na shahada yake ya uzamili, na ratiba ya mzunguko wa wafanyakazi ikampeleka kliniki ya wagonjwa wa nje, kwa sababu zamu yake ya kwenda huko ilikuwa imefika. ICU ilikuwa ghorofa moja juu yake. Nilipouliza niliambiwa muuguzi ni muuguzi. Daktari wa upasuaji hapelekwi kliniki ya macho kwa sababu zamu imefika. Kwa nini huyu?

Wewe mwananchi una sauti hapa kuliko unavyodhani. Halmashauri ina bodi ya huduma za afya, na vituo vina kamati zenye wawakilishi wa wananchi. Kawaida maswali yanayofika huko ni ya dawa na gari la wagonjwa. Ulizeni na hili: katika jengo letu la dharura, wauguzi wangapi wamepata mafunzo ya dharura au mahututi, na wangapi kati yao wako humo kweli na si kwingineko?

Turudi kwa mtoto wako. Mkifika dharura, muuguzi atakuuliza maswali mafupi, tena kwa haraka, wakati mwingine bila salamu ndefu. Usimfiche ukisubiri daktari. Mwambie kama mtoto ameshindwa kunyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege hata mara moja, kama amelegea au haamki vizuri. Hizo nne zinamtoa kwenye foleni. Mwambie pia dawa zote alizopewa, za duka na za mganga, na saa mlizompa. Hatakugombeza, na akikugombeza, mwambie hata hivyo. Ukiona mwingine aliyekuja nyuma yako anaingizwa kwanza, ujue wagonjwa wanapangwa kwa hatari, si kwa saa waliyofika. Ila mtoto wako akibadilika mkiwa benchini, inuka ukaseme palepale.

Kisha kuna rufaa, ambayo ninyi wa Kibuta mnaijua: zahanati, Kisarawe mjini, pengine Tumbi au Mloganzila. Njiani ndipo mtoto aliyekuwa na oksijeni wodini huishiwa. Kabla mlango wa gari haujafungwa, uliza kwa upole mambo matatu. Muuguzi gani anapanda nasi? Mtungi una oksijeni ya kutufikisha? Huko tuendako wamepigiwa simu? Muuguzi aliyesomea kazi hii hatachukia maswali hayo, kwa sababu atakuwa amekwisha kujiuliza.

Kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga wa siku 28 au chini, piga 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama, watawatafutia usafiri. Mtoto mkubwa zaidi ya hapo, msisubiri kukuche.