Panya, saratani na kipimo cha malaria

Bila shaka umewahi kudungwa kidole, tone la damu likatiwa kwenye kifaa kidogo cha plastiki, na baada ya dakika 15 au 20 ukaambiwa una malaria au huna. Mstari ule mwekundu hutokana na kingamwili, na chanzo cha kingamwili hizo ni panya.

Mwili ukivamiwa, chembechembe nyeupe za damu ziitwazo seli B hutengeneza kingamwili za kumnasa mvamizi. Kila seli hutoa aina moja tu. Shida ni kwamba ukiitenga seli hiyo na kuiweka chupani, hufa baada ya siku chache.

Jawabu lilipatikana mwaka wa 1975 mjini Cambridge, Uingereza. Georges Köhler, Mjerumani, na César Milstein, mzaliwa wa Argentina, waliunganisha seli B ya panya na seli ya saratani. Ndiyo, saratani! Adui huyu ana sifa moja: seli zake huzaana bila kukoma.

Kazi yenyewe huenda hivi. Panya hudungwa sindano yenye protini ya vimelea vya malaria, mara kadhaa kwa muda wa majuma. Kisha hutolewa bandama, ambamo seli B ni tele. Seli hizo huchanganywa na za saratani iitwayo mieloma, na kemikali hutiwa ili zishikane. Zinazoungana ni chache mno, na hapo ndipo penye ujanja. Seli za saratani huchaguliwa zile zilizokosa kimeng'enya fulani, hivyo zikitiwa katika maji ya lishe yenye dawa maalumu, zote ambazo hazikuungana hufa. Seli B zilizobaki pweke nazo hujifia. Husalia zilizoungana tu, yaani haibridoma. Mafundi wa maabara huzitenga moja moja, huitafuta inayotoa kingamwili itakiwayo, huikuza na kuihifadhi kwenye baridi kali kwa miaka.

Wavumbuzi hawa hawakuchukua hataza, jambo ambalo ni nadra. Mwaka wa 1984 walitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne.

Sasa sikiliza vizuri. Vifaa vingi vya kupima malaria hunasa protini iitwayo HRP2, ambayo yaweza kubaki damuni kwa majuma kadhaa hata baada ya vimelea kufa. Kwa hivyo ukipimwa wiki mbili baada ya kumaliza dawa na mstari uonekane, si lazima dawa iwe imeshindwa. Usikimbilie duka la dawa kununua dozi nyingine. Mweleze daktari ulitibiwa lini, na uombe damu yako itazamwe kwa hadubini.

Kinyume chake pia hutokea. Katika nchi kadhaa, Eritrea ikiwemo, kumegunduliwa vimelea visivyotoa protini hiyo, na mstari hauonekani ilhali mtu ni mgonjwa. Homa ikiendelea baada ya kuambiwa huna malaria, rudi hospitalini siku hiyo hiyo, hasa ikiwa mgonjwa ni mtoto au mama mjamzito.