Mtoto mwanamichezo akikiri kutumia dawa, umwamini?

Oktoba 2025, mwanariadha wa Kenya Ruth Chepngetich alifungiwa miaka mitatu. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza kumaliza marathoni chini ya saa 2 na dakika 10. Sampuli ya mkojo aliyotoa Machi mwaka huo ilikutwa na haidroklorotiazaidi, dawa inayopatikana katika nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni: ni mojawapo ya vidonge vya presha anavyomeza bibi.

Dawa hiyo huondoa maji mwilini kupitia mkojo. Michezoni imepigwa marufuku kwa sababu inaweza kuficha dawa nyingine.

Mwanzoni Chepngetich alishindwa kueleza iliingiaje mwilini. Baadaye akasema aliugua, akameza dawa ya msaidizi wake wa nyumbani bila kuikagua. Kitengo cha Uadilifu wa Riadha (AIU) hakikushawishika. Hata hivyo, kwa kuwa alikubali kosa mapema, adhabu ya miaka minne ilipunguzwa mwaka mmoja.

Kukiri kulimpunguzia adhabu, lakini hakukufanya kila alichosema kiaminiwe. Mzazi pia anaweza kutenganisha mambo hayo mawili.

Tangu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya dunia ya marathoni mjini Tokyo, Septemba 2025, kijana wa Mbagala au Bunju anayeamka alfajiri kukimbia ana mfano wa karibu. Siku akikwambia “mama, kuna kitu nilimeza”, jiulize mambo matatu kabla ya kuhukumu.

Amekiri lini? Aliyesema kabla hajashikwa anastahili kusikilizwa zaidi. Hata kanuni za Shirika la Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu Michezoni Duniani (WADA) zinaruhusu adhabu ya mtu wa namna hiyo kupunguzwa hadi nusu.

Maelezo yanalingana? Uliza ni dawa gani, alimeza lini, kiasi gani, na pakiti iko wapi. Jemima Sumgong, bingwa wa Olimpiki Rio 2016, alifungiwa miaka minne kwa dawa ya EPO. Alipojitetea kwa nyaraka za hospitali zilizobainika kuwa za uongo, mwaka 2019 akafungiwa minane.

Nani alimpa? Mara nyingi nyuma ya mtoto yupo mtu mzima: kocha, rafiki wa jimu au muuzaji wa “vitamini”. Mtoto akimtaja, usimwache abebe mzigo peke yake. Kanuni za WADA zinamtambua aliye chini ya miaka 16 kama mtu wa kulindwa, na adhabu yake inaweza kuishia kwenye onyo.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini nyumba nyingi humtandika kwanza. Ukimpiga aliyekiri, kesho atakuficha hata homa. Mwambie kosa lina gharama yake, kisha nendeni pamoja kwa daktari mkiwa na pakiti mkononi.

Ni vizuri zaidi kuzuia mapema. Dawa za bibi zikae mbali, zisigawanwe kama pipi. Mkienda hospitali au duka la dawa, semeni kuwa mtoto ni mwanamichezo. Kama ugonjwa wake unahitaji dawa iliyokatazwa, upo utaratibu wa kuomba kibali cha matibabu.