Kompyuta ya Shule na Kitabu Kilichozeeka kwa Miaka Kumi na Sita

Kwa muda mrefu neno kompyuta lilimaanisha mtambo mkubwa uliojaza chumba kizima na kuhitaji mafundi wake maalumu. Tanzania ilipopiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, mitambo iliyokuwa ikijulikana ilikuwa ya namna hiyo. Kompyuta ndogo, iwezayo kumilikiwa na mtu mmoja na kuwekwa juu ya meza, ilienea baadaye, nayo ndiyo iliyoingia nyumbani, darasani na kazini. (Wapo waiitao tarakilishi, kutokana na neno tarakimu. Sina ugomvi nao, ila katika makala haya nitatumia jina lililozoeleka.)

Ili tuone jinsi ilivyoingia, tuchukue nchi moja na kompyuta moja. Desemba 1981 kampuni ya Acorn ya mjini Cambridge, Uingereza, ilianza kuuza kompyuta iliyoitwa BBC Micro, kwa makubaliano na shirika la utangazaji la nchi hiyo. Januari 1982 shirika hilo likaanza kurusha vipindi kumi vya televisheni vya kuwafundisha wananchi matumizi ya kompyuta, na serikali nayo ikazilipia shule nusu ya bei. Waliopanga mradi walitarajia kuuza kompyuta 12,000 hivi. Zikauzwa zaidi ya milioni moja.

Aina iliyopendwa zaidi ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32, yaani baiti 32,768. Simu ya mkononi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inaizidi mara 131,072. Nyumbani, kompyuta hiyo aghalabu iliunganishwa na televisheni ya familia, kwa hiyo mtoto aliyetaka kuandika programu hakuwa na budi kungoja baba amalize kutazama habari. Kazi yake ikaihifadhi kaseti ya kawaida, kama zile za muziki.

Jambo hili la kaseti linastahili kutazamwa kwa makini, maana ni fizikia tupu. Kompyuta hujua tarakimu mbili tu, 0 na 1. BBC Micro iliigeuza 0 kuwa wimbi moja la sauti ya hezi 1,200, na 1 kuwa mawimbi mawili ya hezi 2,400. Kila biti ikachukua sehemu moja ya 1,200 ya sekunde. Baiti moja ina biti 8, nazo ziliongezewa biti moja ya kuanzia na moja ya kukomea, jumla 10. Basi kila sekunde zilipita baiti 120, na kujaza kumbukumbu yote kulihitaji sekunde 273, yaani dakika nne na nusu, bila kuhesabu mapengo yaliyoachwa kati ya fungu na fungu. Aliyeicheza kaseti hiyo kwenye redio alisikia mlio mkali usiopendeza, nao ndio uliokuwa hesabu zake za shule.

Mahali pa kazi ilipendwa kwa sababu nyingine. Nyuma yake palikuwa na tundu lenye njia nne za kupokea volti kutoka nje, hivyo iliwezekana kuunganisha kipima joto cha umeme na kuiacha kompyuta iandike vipimo usiku kucha. Katika maabara niliyofanyia utafiti wa shahada ya uzamivu ng'ambo ilikuwapo moja iliyokuwa bado ikifanya kazi hiyo, zaidi ya miaka ishirini baada ya kutengenezwa. Hakuna aliyethubutu kuizima.

Jaribio kubwa kuliko yote lililofanywa kwa kompyuta hizi lilitoka shuleni. Mwaka 1086, kwa amri ya Mfalme William wa Uingereza, ardhi na mali za nchi ziliandikwa. Kitabu kilichopatikana, kiitwacho Domesday, kiliandikwa kwa Kilatini juu ya ngozi. Ulipokaribia mwaka 1986, mwaka wa 900 tangu kazi hiyo, BBC iliziomba shule ziandike kitabu kipya. Nchi iligawanywa katika maeneo ya kilomita 4 kwa 3, na wanafunzi wakaandika habari za maeneo yao na kupiga picha: maduka, mashamba, michezo, chakula cha siku ile. Watu zaidi ya milioni moja walishiriki. Naona wazo hilo lilikuwa bora kuliko la mfalme, kwa kuwa yeye alitaka kujua mali tu, ilhali watoto waliandika maisha.

Habari zote zilitiwa katika santuri mbili zenye kipenyo cha sentimita 30, zisomwazo kwa mwali wa leza. Mtambo wake uligharimu takriban pauni 5,000, kwa hiyo shule nyingi zilizoandika hazikuweza kusoma kilichoandikwa. Ilipofika mwaka 2002, mitambo iliyobaki nzima ilikuwa michache mno. Kitabu cha ngozi kilikuwa bado chasomeka. Cha wanafunzi kilikuwa karibu kimefumbwa, ingawa santuri zenyewe hazikuoza.

Kwa nini? Ili maandishi ya kompyuta yasomeke, kwahitajika vitu vitatu pamoja: chombo kilichohifadhi, mtambo wa kukisoma, na programu ijuayo mpangilio wa zile 0 na 1. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havifai kitu. Katika santuri hizo picha zilihifadhiwa kama mawimbi ya televisheni, na maandishi yakatiwa mahali ambapo kwa kawaida hukaa sauti, basi kunakili hakukuwa jambo jepesi. Mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walifaulu kutengeneza programu iifanyayo kompyuta ya kisasa ijifanye kuwa ile ya zamani. Mwaka 2011 BBC iliweka kazi ya wanafunzi katika intaneti. Ukurasa huo ukafungwa mwaka 2018, na nakala yake ikachukuliwa na Nyaraka za Taifa za Uingereza, ambazo ndizo zitunzazo pia kile kitabu cha ngozi.

Mwalimu anayesoma haya huenda anayo kabatini disketi yenye alama za mitihani ya miaka ya 1990. Akipata mahali pa kuisomea, anakili mapema, ahifadhi alama hizo kama maandishi matupu yasiyodai programu maalumu, na achapishe nakala moja ya karatasi.

Zoezi kwa mwanafunzi: picha moja ya simu yenye megabaiti 3 ingechukua muda gani kuhifadhiwa katika kaseti ya BBC Micro? Tumia baiti 120 kwa sekunde. Jibu likiwa chini ya saa saba, rudia hesabu.