Siku 41 za aibu

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya kuanguka na kuinuka. Sitakuletea habari za mtu mwingine. Nitakueleza zangu.

Mwaka 2016 nilipewa barua ya kupunguzwa kazi katika kituo cha redio nilichokitumikia kwa miaka tisa. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, nayo ilinipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi. Hakukuwa na kikao kabla yake, wala dokezo. Niliitia kwenye mkoba, nikarudi nyumbani, nikapika, nikanyamaza.

Kesho yake niliamka alfajiri kama kawaida, nikavaa nguo za kazini, nikapanda daladala hadi Mnazi Mmoja. Nikakaa kwenye benchi bustanini mpaka jioni. Nikaendelea hivyo karibu wiki sita. Kila asubuhi watoto waliniambia, "Kazi njema, mama," nami nikaitikia. Majirani walizoea kunisikia redioni. Sasa ningewaambia nini?

Siku ya 41 tangu nipewe barua, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza karanga pale alinijia. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ofisi yako ni benchi hili?" Nikashindwa kujizuia, nikalia. Naye akaniambia kwamba aliwahi kuwa mpiga chapa wa shirika la umma, akapunguzwa katika miaka ya 1990, mashirika yalipokuwa yakibinafsishwa. Hakunipa pole nyingi. Alisema: "Lia, lakini barua hiyo mpelekee anayejua sheria. Leo hii."

Nikaenda. Huko ndiko nilikojifunza haya ninayotaka uyajue.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya nia yake, aeleze sababu, na ashauriane nao. Je, ipo njia ya kuepuka? Wa kuondoka watachaguliwaje? Watalipwa nini? Asipofanya hivyo, mfanyakazi anaweza kulalamika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwamba ameachishwa isivyo halali. Lakini ana siku 30 tu. Zangu zilikwisha nikiwa nimekaa kwenye benchi. Mtu huweza kuomba kuongezewa muda, ila lazima awe na sababu ya kuridhisha. Aliyenishauri alinitazama, akasema kwa upole: "Dada, aibu haiwezi kuwa sababu."

Mlango wa pili ulikuwa bado wazi. Madai mengine, kama yale ya kiinua mgongo, yana siku 60. Sheria hiyo ya 2004 iliweka kiwango cha chini: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi uliotimia, hadi miaka 10. Kwa miaka yangu 9 hizo ni siku 63, na barua yangu haikutaja hata moja. Nilijaza fomu, tukasuluhishwa, nikalipwa. Hazikuwa fedha za kutajirisha mtu. Zililipa ada za watoto na kodi ya miezi mitatu, nami nikatafuta kazi nyingine bila kuhangaika. Leo natangaza tena, kama unavyonisikia.

Jioni ya siku ile niliwaambia watoto. Mkubwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo kesho asubuhi tutakunywa chai na wewe?" Nilikuwa nimewaficha kitu ambacho wao hawakukionea haya hata kidogo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha barua, ikanila haki yangu.

Sikwambii usilie, ndugu msikilizaji. Kupoteza kazi ni msiba. Ila msiba una kalenda yake na sheria ina yake, na hazisubiriani. Ukipewa barua kama ile, hesabu siku tangu ulipoachishwa. Itunze pamoja na mkataba wako na hati za mishahara. Na kabla jua halijatua, mwambie mtu mmoja unayemwamini. Machozi utayalia baadaye, na utayalia ukiwa na mtu pembeni.

Tusikilizane wiki ijayo.