Injini za zamani za Harley-Davidson

Injini za zamani za Harley-Davidson ni injini za pikipiki zilizoundwa katika karne ya 20 na kampuni ya Harley-Davidson ya mjini Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani. Zinajulikana zaidi kwa majina ya utani: Flathead, Knucklehead, Panhead na Shovelhead. Majina hayo hayakutoka kiwandani. Waendeshaji na mafundi waliyatunga kwa kutazama umbo la sehemu ya juu ya injini. Kiwanda kilitumia herufi, kama vile EL, FL na XL, pamoja na majina ya biashara kama Electra Glide. Kwa hiyo jina la injini na jina la pikipiki ni mambo mawili, na anayeyachanganya hukosea kirahisi. Electra Glide ya mwaka 1965 ina injini ya Panhead. Ile ya 1966 ina Shovelhead.

Umbo la V

Kampuni ilianzishwa mwaka 1903 na William S. Harley na Arthur Davidson, na pikipiki zake za kwanza zilikuwa na silinda moja. Mwaka 1909 ilitoa injini ya silinda mbili zilizopangwa kama herufi V, kwa pembe ya nyuzi 45. Vali zake za kuingiza hewa zilifunguliwa na mvuto wa pistoni tu, nazo hazikufanya kazi vizuri. Injini hiyo iliondolewa sokoni ikarudi mwaka 1911, safari hii vali zikifunguliwa kwa mitambo.

Pistoni zote mbili zimeunganishwa kwenye pini moja ya krankishafti. Kwa sababu ya pembe ile, milipuko haifuatani kwa nafasi sawa: baada ya mmoja krankishafti huzunguka nyuzi 315, kisha nyuzi 405 kabla ya unaofuata. Ndiyo maana injini ikiwa imesimama na inanguruma polepole husikika kama mtu anayechechemea.

Mpangilio huo una tatizo lake. Injini hizi hupozwa kwa upepo, na silinda ya nyuma imekingwa na ile ya mbele. Mabadiliko mengi yanayoelezwa hapa chini yalihusu joto na oili kuliko mwendo.

Kutoka Flathead hadi Panhead

Katika Flathead, yaani "kichwa bapa", vali zimekaa kando ya silinda, hivyo kifuniko cha juu ni kama bamba lenye mapezi. Hewa na petroli hulazimika kupita kona, jambo linalopunguza nguvu. Lakini injini ni rahisi kutengeneza na hufunguka kwa vifaa vichache. Ile ya inchi za ujazo 45 (takriban cc 740) iliingia sokoni mwaka 1929, ikabeba wanajeshi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwenye pikipiki aina ya WLA. Iliendelea kutumika kwenye Servi-Car, chombo cha magurudumu matatu, hadi mwaka 1973. Basi si kweli kwamba kila injini mpya ilifuta ya zamani mara moja.

Knucklehead ilitoka mwaka 1936 kwenye pikipiki ya EL, yenye takriban cc 1,000. Vali zilihamia juu ya silinda, na oili ikaanza kuzunguka na kurudi tankini badala ya kuungua na kupotea. Vifuniko vyake vinafanana na vifundo vya ngumi iliyofumbwa. (Kwa Wamarekani neno hilo pia ni tusi jepesi kwa mtu mzito wa kuelewa.) Injini za mwanzo zilivuja oili upande wa juu. Mwaka 1941 ilikuja FL, yenye takriban cc 1,200.

Panhead, 1948 hadi 1965, ilipewa vichwa vya alumini, metali inayotoa joto haraka kuliko chuma. Vifuniko vyake ni kama sufuria zilizopinduliwa. Ilitumika kwenye Hydra-Glide ya 1949, Duo-Glide ya 1958 iliyoongezewa springi za gurudumu la nyuma, na Electra Glide iliyoleta stata ya umeme.

Shovelhead na Evolution

Vifuniko vya Shovelhead, 1966 hadi 1984, vilifananishwa na sepetu. Silinda zilibaki za chuma chini ya vichwa vya alumini, na metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti zikipata joto. Mwaka 1969 kampuni ilinunuliwa na AMF. Uzalishaji uliongezeka, ubora ukashuka. Si haki kuilaumu injini peke yake kwa sifa mbaya ya miaka hiyo.

Mwaka 1981 kundi la viongozi wa kampuni, akiwemo Willie G. Davidson, liliinunua tena. Mwaka 1983 serikali ya Rais Ronald Reagan ilipandisha ushuru wa pikipiki za kigeni zinazozidi cc 700. Mwaka uliofuata ilitoka Evolution ya cc 1,340, yenye silinda na vichwa vya alumini, isiyovuja ovyo. Hiyo ndiyo iliyorudisha imani ya wanunuzi. Jina hili lilitoka kiwandani. Waendeshaji walilikata tu likawa Evo.

Sportster

Sportster, herufi XL, ni ukoo wa pembeni ulioanza mwaka 1957 na injini ya cc 883. Ilikuwa na vichwa vya chuma, ikaitwa Ironhead. Ilidumu hadi 1985, na mwaka 1986 Sportster nayo ikapata Evolution.