Bwawa Nyuma ya Nyumba

Je, wajua kuwa katika vijiji vingi vya Bengali nyumba huanza na shimo? Anayetaka kujenga huchimba kwanza. Udongo anaoutoa huurundika na kuushindilia mpaka kiwanja kiinuke kuliko mashamba yaliyokizunguka, na hapo juu ndipo anaposimamisha kuta. Shimo huachwa wazi. Mvua za monsuni, kuanzia Juni hadi Septemba, hulijaza, na kazi moja ikawa imezaa vitu viwili: kiwanja kikavu na bwawa. Wenyewe huliita pukur.

Kujenga hivyo kunatokana na ardhi yenyewe. Bengali, iliyogawanywa mwaka 1947 baina ya India na nchi ambayo leo ni Bangladesh, imelala juu ya delta kubwa kuliko zote duniani. Ni tope la Ganges, Brahmaputra na Meghna, lililosukumwa kutoka Himalaya kwa maelfu ya miaka. Nchi ni tambarare, mawe ni haba, na mito hufurika kila mwaka. Mafuriko ya 1998 yalifunika karibu theluthi mbili ya Bangladesh. Maji yakipanda, mpunga huzama, na vinavyobaki nje ni vile viwanja vilivyoinuliwa kwa majembe.

Juu ya kila kiwanja huishi ukoo. Nyumba za wazazi, za wana waliooa na za ami zao huzunguka ua mmoja wa udongo, ambapo mpunga huanikwa na watoto hucheza. Bwawa mara nyingi ni la wote. Mwenye mali akifa, warithi hurithi pia mafungu ya maji, na siku ya kuvua kila mmoja huchukua sehemu yake ya samaki. Kingo hupandwa minazi, migomba na mipopoo, ambayo mizizi yake huzuia udongo usimong'onyoke. Popoo hutafunwa kwa tambuu na chokaa, uraibu ambao mtu wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa. Kiangazi maji yakipungua, tope la chini huzolewa na kurudishwa kwenye bustani, kwa kuwa lina rutuba nyingi.

Lakini maajabu ya bwawa hili yamo ndani ya maji. Wabengali hufuga pamoja samaki watatu wa jamii moja, na kila mmoja ana ghorofa yake. Katla, mwenye kichwa kikubwa na mdomo ulioelekea juu, hula vijidudu vya karibu na uso wa maji. Rui hula katikati. Mrigel hupekua tope la chini. Hawagombei chakula, ndiyo maana bwawa dogo huweza kulisha nyumba nzima. Rui, kwa taarifa yako, ni ndugu wa ningu wa Ziwa Victoria: wote wamo katika jenasi ya Labeo.

Mfugaji hodari hulikagua bwawa alfajiri. Mchana mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaoyapa maji rangi ya kijani, hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku mwani huo huo huitumia. Baada ya siku ya mawingu mazito, oksijeni hukaribia kuisha kabla ya kucha, na samaki huja juu wakitweta, midomo wazi. Hapo mwenye bwawa hushika mwanzi na kuyapiga maji kwa nguvu ili yachanganyike na hewa, au huingia mwenyewe kuogelea.

Tatizo lilikuwa mbegu, yaani vifaranga. Samaki hawa hutaga katika mito wakati wa mafuriko, si katika maji yaliyotuama. Kwa hiyo vifaranga vilivuliwa mtoni na kupelekwa vijijini ndani ya vyungu, mchukuzi akivitikisa njia nzima visife kwa kukosa hewa. Mwaka 1957 mwanasayansi wa Kibengali, Hiralal Chaudhuri, aliwadunga samaki dawa iliyotolewa katika tezi ya pituitari ya samaki wengine, nao wakataga wakiwa kifungoni. Naona ugunduzi huo unastahili kujulikana kuliko unavyojulikana: vituo vya kuzalisha vifaranga vilivyoenea India na Bangladesh vilianzia hapo.

Bwawa hilo hilo huua. Mwaka 1884 Robert Koch alikuta bakteria wa kipindupindu katika bwawa la Kolkata ambalo watu waliliogea na kunywa maji yake. Karibu karne moja baadaye, ili kuwaepusha wanavijiji na maradhi hayo, visima vya pampu za mkono vilichimbwa kwa mamilioni. Nia ilikuwa njema na maji yalikuwa maangavu, ila lile tope la Himalaya lilibeba aseniki, inayoyeyuka na kuingia katika maji ya chini ya ardhi yasiyo na oksijeni. Sumu hiyo iligunduliwa upande wa India mwaka 1983 na Bangladesh mwaka 1993. Visima vilipimwa, vyenye sumu vikapakwa rangi nyekundu na salama kijani.

Kisha kuna watoto. Nchini Bangladesh kuzama ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya watoto wadogo, wengi wao hatua chache tu kutoka mlangoni, asubuhi mama zao wakiwa kazini. Dawa iliyoonekana kufaa ni rahisi mno: mwanamke wa kijijini huwalea watoto wa majirani saa hizo za hatari, na vifo vimepungua sana. Mwaka 2021 Bangladesh na Ireland zilishawishi Umoja wa Mataifa utenge Julai 25 kuwa siku ya kuzuia kuzama.

Pwani ya kusini, ambako maji ya visima yana chumvi, bwawa limerudi kuwa chanzo cha maji ya kunywa. Moja hutengwa na kuzungushiwa uzio, haliogewi wala halifugiwi samaki. Kando yake hujengwa tangi lenye mchanga, maji hupandishwa kwa pampu, huchujika taratibu, na wanawake hukinga kwenye mitungi yao.